Dereva wa Wageni Naye Apone

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Usemi huo umeanza kupata maana mpya katika nyanda za juu za Kigoma, huko Kasulu na Kibondo, ambako kwa miaka mingi mgeni aliyefika alikuwa ama mtumishi wa serikali aliyepewa uhamisho, ama mfanyabiashara wa mahindi na maharage, ama mkimbizi aliyevuka mpaka kuokoa roho yake. Mtu wa kuja kutazama tu hakuwako. Wakati wa masika barabara iligeuka tope, wakati wa kiangazi ikawa vumbi, na katika mapori ya upande wa Nyakanazi mabasi yalisindikizwa na askari kwa hofu ya majambazi.

Hali hiyo imebadilika. Kipande cha Kidahwe hadi Kasulu, kilometa 63, kimewekwa lami. Na mradi wa barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, wenye urefu wa kilometa 260, umelitoa eneo hili katika upweke wake wa miaka mingi. Mwalimu wa Kibondo sasa anaweza kupanga kuwapeleka wanafunzi wake Ujiji, mahali ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871. Watumishi wa idara fulani ya Kasulu wanaweza kuchanga fedha na kukodi basi hadi Kigoma mjini, kisha wapande mashua kwenda Gombe, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968. Na aliye na moyo wa kuijua historia ya nyumbani hana haja ya kwenda mbali: Heru Juu, makao ya watawala wa Buha, iko hapo hapo Kasulu, na jina la Mwami Theresa Ntare lingali hai midomoni mwa wazee. Ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi, ambayo mwaka 2000 ilikuwa ya kwanza nchini kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, nayo inasubiri wa kuitazama.

Nchi nzima imo katika mwendo huo. Mwaka 2024 watalii wa kutoka nje walizidi milioni 2.1, na wa ndani wakazidi milioni 3.2. Maana yake ni kwamba mtalii wa kawaida katika Tanzania ya leo ni Mtanzania mwenyewe, na chombo chake cha kawaida ni basi la kukodi. Ni jambo jema. Lakini wema wake hautakamilika mpaka lijibiwe swali moja ambalo wengi hulipita kando: huyu anayeshika usukani, na yule kijana anayesimama mlangoni, wameajiriwa na nani, kwa masharti gani, na kwa ulinzi gani?

Jibu la wazi ni kwamba wengi wao hawana karatasi yoyote. Dereva hupewa gari kwa maneno ya mdomo. Akiwa kwenye njia ya kila siku, hutakiwa kupeleka hesabu kwa mwenye gari jioni, na kinachobaki ndicho ujira wake. Likija la kukodiwa kwa matembezi, hulipwa posho ya safari ile, na safari ikiisha, kazi nayo imekwisha. Akiugua, usukani hukabidhiwa deiwaka, yaani mtu wa kushika siku moja moja, na huyo deiwaka mwenyewe hajui kama kesho atakula. Utingo yuko chini zaidi. Yeye huamka wa kwanza kuliosha gari, hulala wa mwisho akililinda, na mara nyingi hulipwa na dereva kutokana na masalio ya hesabu, si na mwenye gari. Wageni wanapolala katika nyumba ya wageni, wawili hawa hulala juu ya viti vya basi.

Yapasa ikumbukwe kwamba Kasulu na Kibondo si wageni wa habari ya kusafirishwa na kuajiriwa. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kukusanya vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Nyanda hizi za Buha zilikuwa miongoni mwa ghala zake kubwa za nguvu kazi. Vijana wa Kiha walipelekwa Kigoma, wakapakiwa kwenye treni, wakashushwa Morogoro na Tanga, wakaitwa manamba. Kipande chao kilihesabu siku 30 za kazi, na siku ambayo hawakumaliza kazi waliyopimiwa haikuhesabiwa. Walioacha nyumba zao kwa njia hiyo walirudi na blanketi na baiskeli, na wengine hawakurudi kabisa.

Mkataba wa manamba ulikuwa kamba ya kumfunga mtu asikimbie. Hakuna mwenye akili timamu anayeutamani. Lakini wajukuu wa manamba hao, wanaoendesha magari katika vilima vile vile, wanayo haki ya kushangaa: mkataba wa kumfunga babu yao uliandikwa, na mkataba wa kuwalinda wao, katika nchi iliyo huru, hauandikwi.

Si kwamba nchi hii haijapata kumfahamu dereva kuwa ni mfanyakazi. Katika miaka ya KAMATA, yaani Kampuni ya Mabasi ya Taifa, na ya UDA katika jiji la Dar es Salaam, dereva na kondakta walikuwa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi. Mashirika hayo yalikuwa na kasoro zake, na abiria waliosubiri mabasi mabovu wanazikumbuka. Mwaka 1983 watu binafsi waliruhusiwa kusafirisha abiria Dar es Salaam, na taratibu usafiri wa nchi nzima ukahamia mikononi mwao. Magari yaliongezeka, na hilo lilikuwa faida kwa wananchi. Lakini katika kuhama huko, kitu kimoja kilidondoka njiani bila ya mtu kuinama kukiokota, nacho ni ajira yenye masharti yanayojulikana.

Sheria ilikuja kukiokota. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka kila mwajiri ampe mwajiriwa wake maelezo ya maandishi: kazi yake ni ipi, mahali pake ni wapi, saa zake ni ngapi, ujira wake ni kiasi gani. Inaweka kikomo cha siku 6 kwa wiki, saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Kazi ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida, na hata kwa ziada hiyo mtu hapaswi kufanya kazi zaidi ya saa 12 katika siku moja. Aliyefanya kazi kwa saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60. Kati ya kumaliza kazi na kuianza tena lazima apate saa 12 mfululizo za kupumzika, na kila wiki apate saa 24. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo.

Hayo yote ni haki za dereva wa basi la matembezi sawasawa na za karani wa halmashauri. Aidha, amri za kima cha chini cha mshahara, zikiwemo zile za mwaka 2013 na 2022, zimeitaja sekta ya usafirishaji kwa jina lake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, upo kwa ajili ya anayeumia au kufa akiwa kazini. NSSF ipo kwa ajili ya uzee wake. Kwa hiyo tatizo haliko katika upungufu wa sheria. Liko kati ya sheria na mlango wa gari.

Madereva wenyewe walilisema hili kwa sauti kubwa. Mwezi Aprili mwaka 2015, na tena mwanzoni mwa Mei mwaka huo huo, waligoma katika sehemu nyingi za nchi. Abiria walilala vituoni. Miongoni mwa madai yao lilikuwamo hili la mikataba. Walilalamika kwamba mikataba mingine ilikuwa ya kuonyeshwa dirishani tu: mwenye gari hupeleka karatasi kwa mamlaka apate leseni ya njia, na dereva ambaye jina lake limo ndani ya karatasi hiyo hajapata kuiona. Malalamiko ya namna hiyo hayawezi kumalizwa kwa kuongeza karatasi nyingine dirishani. Humalizwa kwa kumwuliza dereva swali dogo: nakala yako iko wapi?

Ni haki vilevile kuwasikiliza wenye magari. Wengi wa wanaomiliki mabasi madogo na magari ya kukodi katika miji hii si matajiri wakubwa. Wapo walimu wastaafu waliotumbukiza kiinua mgongo chao katika Hiace moja, na wapo wafanyabiashara wenye deni la benki. Wanasema kwamba safari za matembezi ni za msimu, hasa kiangazi na wakati wa likizo za shule. Kwamba vipuri ni ghali. Kwamba wapo madereva wanaoficha fedha na kuuza mafuta njiani. Wengine huongeza kwamba dereva si mwajiriwa wao hata kidogo, bali ni mtu aliyekodishwa gari.

Hoja hizo zina majibu. Kazi ya msimu inaweza kuandikiwa masharti ya msimu. Kinachokatazwa ni kazi isiyo na masharti. Dereva mwizi huthibitiwa kwa urahisi zaidi pale ambapo wajibu wake umeandikwa, maana asiyeahidi kitu hawezi kushtakiwa kwa kuvunja ahadi. Na kuhusu hoja ya kukodisha gari, Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 61, imekwisha kuijibu. Mtu ambaye namna yake ya kufanya kazi au saa zake ziko chini ya amri ya mwingine, au anayetegemea riziki kutoka kwa mtu huyo, au anayepewa naye vitendea kazi, huhesabiwa kuwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vingine. Dereva anayepangiwa njia, saa na hesabu, katika gari ambalo si lake, ni mwajiriwa. Tena, pakitokea shauri na mwajiri ashindwe kuleta mkataba wala maelezo ya maandishi, ni juu ya mwajiri huyo kuthibitisha masharti yalikuwa yapi. Kutoandika, kwa hiyo, si ujanja. Ni kujichimbia shimo.

Watumishi na walimu wa Kasulu na Kibondo wasidhani kwamba jambo hili ni la watu wengine. Wao ndio wateja wakubwa wa safari hizi, na wao na watoto wao ndio wanaokaa nyuma ya dereva huyo. Tufikirie safari ya kawaida ya shule. Basi linatakiwa kuondoka Kibondo saa 10 alfajiri ili wanafunzi wawahi Ujiji, watazame stesheni ya zamani ya reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, wakatembee pwani ya Ziwa Tanganyika na kurudi siku hiyo hiyo. Dereva amerudi na abiria wa njia ya kawaida saa 4 usiku uliotangulia. Amelala saa tano, kama amelala. Atakaporudi Kibondo usiku wa pili, macho yake yatakuwa yamefanya kazi kuliko mwili wowote unavyoweza kuvumilia. Mwalimu anayehesabu wanafunzi mlangoni hajui lolote kati ya hayo, kwa sababu hakuuliza.

Taifa halijasahau Mei 6, 2017, siku ambayo basi la shule lilitumbukia korongoni Rhotia, wilayani Karatu, na kuua wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Msiba ule haukumbushwi hapa ili kumhukumu yeyote wala kudai kwamba chanzo chake kilikuwa uchovu. Unakumbushwa kwa sababu ya hesabu yake. Mwalimu, mwanafunzi na dereva walikuwa katika gari moja, na korongo halikuwatenga. Anayejali usalama wa mwanafunzi hawezi kukwepa kujali usingizi wa dereva.

Na lami nzuri haipunguzi haja hiyo, bali inaizidisha. Kwenye tope dereva aliyesinzia alikwama. Kwenye lami, tena katika kona na miteremko ya nyanda hizi, dereva aliyesinzia huendelea kwenda. Mwaka 2023 Serikali iliondoa zuio la mabasi ya abiria kusafiri usiku, zuio lililodumu tangu miaka ya 1990. Uamuzi huo umeleta nafuu kwa wasafiri na biashara. Lakini umeongeza uzito wa kila saa ya mapumziko iliyotajwa katika sheria.

Basi, lifanyike nini? Mengi ya yanayohitajika hayangoji bajeti wala tume. Mkuu wa shule au afisa anayesaini hati ya kukodi basi ana nguvu ambayo mkaguzi hana: yeye ndiye mwenye fedha. Anaweza kudai, kabla ya kulipa, mambo manne. Kwanza, aonyeshwe leseni ya dereva yenye daraja linalostahili gari la abiria, pamoja na nakala ya mkataba wake wa kazi. Pili, aelezwe dereva huyo alimaliza kazi saa ngapi siku iliyotangulia. Tatu, safari ikiwa ndefu, wawepo madereva wawili, na jina la wa pili liandikwe. Nne, gharama ya chakula na malazi ya dereva na utingo iwekwe wazi katika bei, ili wasilale garini. Mwenye gari mwaminifu hatachukizwa na masharti hayo. Yatamwokoa na ushindani wa yule anayepunguza bei kwa kumpunja binadamu mwenzake.

Ofisi ya kazi ya mkoa nayo isingoje malalamiko kufunga safari kutoka Kasulu kwenda Kigoma mjini. Dereva anayeogopa kupoteza gari hapandi gari lingine kwenda kumshtaki mwajiri wake. Afisa Kazi afike stendi, pamoja na LATRA na polisi wa usalama barabarani, na ukaguzi wa tairi uende sambamba na ukaguzi wa mkataba. Askari anayemwuliza dereva kadi ya gari anaweza kuambatana na ofisa anayemwuliza kadi ya NSSF. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vya Kasulu na Kibondo vinaweza kuwafundisha utingo kazi ya kuhudumia wasafiri, huduma ya kwanza na historia ya nyanda hizi, ili kijana wa mlangoni asibaki mpiga kelele wa stendi maisha yake yote. Utalii unaosifiwa kila siku majukwaani huanza na kijana wa namna hiyo anayeweza kumweleza mgeni Heru Juu ni nini.

Madereva na utingo nao wana wajibu wao. Haki haijipeleki yenyewe kwa mtu aliyelala. Waandike katika daftari saa walizoanza na kumaliza, hesabu waliyopeleka na siku walizofanya kazi, kwa maana daftari hilo ni shahidi mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Anayeachishwa kazi isivyo halali akumbuke kwamba ana siku 30 tu za kupeleka shauri lake. Wajiunge na chama cha wafanyakazi, au waunde chao; sheria inahitaji wafanyakazi 20 tu, na stendi ya Kasulu pekee ina madereva zaidi ya hao. Na wanapodai kutendewa kama wafanyakazi, waitende kazi kama wafanyakazi: waache ulevi, waache kushindana njiani, waheshimu abiria na mali waliyokabidhiwa.

Kwa muda mrefu nyanda za juu za Kigoma zilijulikana kwa kutoa watu wake wakafanye kazi mbali, kwa masharti yaliyopangwa na wengine. Sasa barabara inawaletea wageni hadi mlangoni, na kazi imerudi nyumbani. Itakuwa aibu kubwa ikiwa kazi hiyo itawakuta wakiwa hawana hata kile kipande alichokuwa nacho babu yao. Mgeni na aje, aone milima ya Buha na maji ya Malagarasi. Lakini mwenyeji wa kwanza anayekutana naye ni yule aliyeshika usukani, na huyo naye ni lazima apone.